Maswali Yenu: Simu ya Kike Ndiyo Ipi?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zina malalamiko ya aina moja: mwanamke kaenda kununua au kutengeneza kitu, kahudumiwa kwa kuangaliwa gauni. Tumechagua sita.

Nilikwenda duka la simu Mwanga nikiwa na pesa yangu taslimu. Kabla sijasema neno, kijana akanitolea simu ya rangi ya waridi akasema, "Mama, hii ndiyo ya kike, kamera yake inang'arisha uso." Nilipouliza RAM akajibu ni 8, tena hata hiyo sitaimaliza. Sasa simu inakwama kwama kila saa. Nimepigwa?
*Mama Tatu, Gungu, Kigoma*

Mama Tatu, huenda umepigwa nusu. Fungua Mipangilio, shuka hadi "Kuhusu simu", usome mstari wa RAM, yaani ile nafasi ya haraka ambamo simu inafanyia kazi zake. Ukikuta 4 GB + 4 GB, zile nne za pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi ya simu kilichoazimwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni nzito mno kulinganisha na RAM yenyewe. Kwenye boksi wanajumlisha na kuandika 8 kwa maandishi makubwa, ule mchanganuo unawekwa chini kwa maandishi ya kusoma na miwani. Unaweza kuuzima uazimaji huo kwenye Mipangilio ukarudishiwa nafasi yako. Simu haitapata nguvu mpya, lakini mara nyingine hupunguza kukwama, hasa hifadhi ikiwa imekaribia kujaa. Acha angalau GB 10 wazi.

Na hiyo kamera inayong'arisha uso ni programu tu, ipo karibu katika kila simu ya Android ya bei hiyo, ya rangi nyeusi kwa ya waridi. Kama unapiga picha za biashara, izime kabisa. Inalainisha kila inachodhani ni ngozi na kusogeza rangi. Ukimpiga mtu aliyevaa kitenge ili umtumie mteja wa Kasulu, nyekundu ya kitenge inapauka na nyuzi hazionekani. Mteja akipokea mzigo atasema siyo aliyoiona.

Hizo lenzi tatu mgongoni nazo zipime pale pale dukani. Washa kamera, ziba lenzi moja moja kwa kidole. Ile ambayo ukiiziba picha haibadiliki hata ukigeuza aina zote za picha, ni pambo.

Kwa atakayenunua kesho: bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Majibu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yatataja kampuni na toleo la simu hiyo. Yakitofautiana na simu uliyoshika, iache hapo hapo, hata kama bei ni ya kutupa. Kisha dai risiti ya EFD, na kwenye risiti au kadi ya dhamana waandike IMEI ile ile. Risiti iliyoandikwa "simu 1" haikusaidii kitu siku ya kurudi.

Mchezo wa "ya kike" wala haukuanzia Mwanga. Mwaka 2009 kampuni ya Dell ya Marekani ilifungua tovuti ya kuuzia wanawake kompyuta, ikaiita Della, ikajaza rangi laini na mawaidha ya kuhesabu kalori na kutafuta mapishi. Wanawake wenyewe waliishambulia, na haikupita muda ikabadilishwa. Mwaka 2012 Fujitsu ya Japani ikatoa kompyuta ya mapajani iitwayo Floral Kiss, yenye urembo wa maua na mfuniko uliotengenezwa ili mwenye kucha ndefu aweze kuufungua. Angalau hiyo ya kucha walifikiri. Mengine yalikuwa rangi, na rangi haiongezi hata GB moja.

Mke wangu simu zinamfia kwenye chaji. Kila baada ya miezi michache mdomo wa chaji umekufa. Fundi wetu anasema wanawake ndivyo walivyo, hawatunzi vitu. Kweli yangu mimi ina mwaka wa tatu na haijaguswa.
*Baba Pendo, Nzega*

Ndugu, kabla ya kumlaumu mkeo, tazama simu zenu zinakaa wapi mchana. Yako iko kwenye mfuko wa suruali, kitambaa kikavu kimeizunguka. Gauni lake halina mfuko. Simu yake inakaa kwenye sidiria au kwenye fundo la kanga, na mara nyingi mdomo wa chaji umeelekea chini, kule jasho linakoshukia.

Jasho ni maji ya chumvi. Likiingia mdomoni halafu simu ikachomekwa, umeme wa volti 5 unapita kwenye maji hayo na kuzila zile pini za shaba. Chukua tochi umulike ndani: ukiona ukijani au weusi kwenye ulimi wa katikati, ndiyo hiyo. Dalili yake ya mwanzo ni simu kuchaji ukiwa umeushikilia waya upande mmoja tu, au kuandika kwamba kuna unyevu ilhali umeikausha. Simu nyingi zina kibandiko cheupe kidogo karibu na mahali pa laini, kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Mwambie fundi akuonyeshe hicho kabla hajasema lolote kuhusu wanawake. Fundi anayepima ugonjwa kwa jinsia ya mwenye simu hajafungua simu bado.

Jasho lina wenzake. Jikoni kuna unga na masizi, na kiangazi cha Nzega kina vumbi lake. Vikichanganyika na nyuzi za kanga vinashindiliwa mdomoni kila waya unapochomekwa, mpaka waya hauzami hadi mwisho. Hapo watu husema mdomo umekufa, kumbe umeziba.

Kusafisha: zima simu. Chukua kijiti cha meno cha mti, kisiwe sindano wala pini, kwa sababu chuma kinaweza kugusanisha pini mbili. Kwangua polepole pembeni na sakafuni, usiuguse ulimi wa katikati kwa nguvu. Kisha lowesha mswaki laini kwa spiriti ya asilimia 99, hiyo wanayotumia mafundi, upitishe mara mbili tatu, uiache wazi nusu saa kabla ya kuwasha. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi, usiitumie. Na simu iliyolowa msiifukie kwenye mchele. Mchele haunyonyi kilicho ndani ya simu, unaacha unga tu. Iwekeni penye upepo, mdomo ukiangalia chini.

Dawa ya kudumu ni kipochi kidogo chenye kamba ya shingoni, au mfuko ulioshonwa upande wa ndani wa gauni. Fundi cherehani ataumaliza kwa muda mfupi. Asipokuwa nacho, basi simu aiweke mdomo ukiwa juu, ndani ya kifuko cha plastiki cha kufunga.

Mkilazimika kubadilisha, ulizeni kwanza kama mdomo uko kwenye bodi ndogo peke yake au umelehemewa kwenye bodi kubwa. Simu nyingi za Android za bei ya kati zina bodi ndogo ya chaji inayochomolewa na kubadilishwa nzima ndani ya nusu saa. Maikrofoni huwa hapo pia, kwa hiyo kabla ya kuondoka pigeni simu mtu msikie kama sauti inafika.

Ni kweli kuweka simu kwenye sidiria kunaleta saratani ya matiti?
*Msomaji wa Ipuli, Tabora*

Hakuna utafiti uliothibitisha hivyo. Mwaka 2011 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mionzi ya redio kwenye kundi la "huenda", maana yake ushahidi ni hafifu ila hawajafunga faili. Nguvu ya mionzi hiyo haitoshi kuvunja vinasaba kama inavyoweza eksirei. Sababu nzuri zaidi ya kuitoa simu hapo ni jasho tulilolisema, na betri: iliyovimba ikibanwa mwilini inaweza kupasuka na kuunguza.

Nauza dagaa Kibirizi. Laini yangu ya biashara ilisajiliwa mwaka 2019 kwa kitambulisho cha mume wangu kwa sababu namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka, na wote tuliona ni sawa, laini ya mama na ya baba si ni nyumba moja. Simu imezama ziwani. Wakala anataka kidole cha mume, naye yuko safarini Kalemie. Pesa za wateja ziko humo.
*Dada wa Kibirizi*

Pole dada. Kwenye kumbukumbu za mtandao, laini hiyo na mfuko wake wa pesa ni vya mumeo, hata kama yeye hajawahi kuigusa. Wakala hakunyanyasi. Bila kidole cha aliyesajiliwa hawezi kutoa laini mpya, na ni bora iwe hivyo, vinginevyo yeyote angechukua namba ya mwenzie.

Leo hii azima simu ya mtandao huo huo, piga 100, omba laini ifungwe. Watakuuliza jina kamili la aliyesajiliwa, namba ya NIDA, pengine na muamala wa karibuni, kwa hiyo mpigie mumeo kwanza akupe hizo namba. Ukifunga, pesa inabaki salama ndani hadi atakaporudi. Halafu sajili laini nyingine kwa jina lako uwape wateja ili biashara isisimame.

Akirudi, nendeni wote wawili na namba zenu za NIDA. Msiende kwa wakala wa mwavuli, nendeni duka la mtandao wenyewe. Ombeni kwanza arudishiwe laini, kisha umiliki uhamie kwako. Kabla ya kuhamisha, toeni salio lote, lipeni mkopo wowote wa simu unaodaiwa, kwa sababu laini yenye deni inaweza kukwama hapo kaunta.

Hasara nyingine haionekani mpaka siku ya kukopa. Mikopo ya simu hupimwa kwa mzunguko wa pesa wa aliyesajiliwa. Misimu yote uliyouza dagaa imemjengea mumeo sifa ya kukopesheka, wewe mfumo haukujui. Tunaliona hili sana kwa makatibu wa vikoba: anashika pesa za wanawake 25 kwenye laini ya shemeji yake.

Kwa wengine mnaosoma: bonyezeni *106# kwenye laini yenu, mfuate maelekezo, mtaona jina ililosajiliwa na namba nyingine zilizoandikishwa kwa NIDA yenu. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ikafutwe. Na neno la siri la pesa lisiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Kijiji kizima kinaujua.

Nimefunga sola mwaka jana. Muuzaji aliongea na mume wangu tu, mimi nilikuwa nje nawaandalia chai. Aliweka paneli ya wati 50 na betri la gari la N70. Tuna taa nne, televisheni ndogo, nami nachajisha simu za majirani kama kumi kwa siku. Betri limekufa ndani ya miezi saba. Muuzaji anasema "mama anawasha sana".
*Mama Shija, Sikonge*

Mama Shija, ungepewa kiti ndani, betri lingekuwa hai. Biashara ya kuchajisha ni yako, na ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote nyumbani humo. Muuzaji hakuujua kwa sababu hakumuuliza anayeufanya. Tuhesabu alichopaswa kuhesabu.

Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Simu moja yenye betri ya 5000 mAh ikijazwa inakula kama wati-saa 20 hadi 25 pamoja na upotevu, lakini wengi huleta ikiwa na chaji kidogo, tuseme 20. Simu 10 ni 200. Jumla 420 kwa siku.

Paneli ya wati 50 kwa jua la Sikonge, saa nne na nusu za jua kamili, ukitoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya, inaleta kama 170. Unatumia 420, unaingiza 170. Betri lako halijawahi kujaa tangu lilipofungwa. Betri la asidi likikaa na njaa, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake na haiyeyuki tena. Tena la gari limeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halikuundwa kunyonywa usiku kucha. Mkosi juu ya mkosi.

Sasa marekebisho. Gawanya 420 kwa 0.75, upate 560, halafu gawanya kwa 4.5: ni wati 124. Nunua paneli ya 150. Betri: 420 gawanya kwa volti 12 ni Ah (ampia-saa) 35. La asidi usilishushe chini ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, 70, na kwa siku za mawingu chukua la Ah 100 lililotengenezwa kwa sola. La lithiamu-fosfeti la Ah 50 litatosha kazi ile ile na kudumu mara kadhaa zaidi, ila kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, lazima iwe na chaguo la lithiamu na liwe limechaguliwa. Kontrola iwe ya ampia 20. Simu za wateja chajisha kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, jua likiwa linatoa, zisisubiri giza.

Waya ndiyo sehemu mafundi wengi wanapobania. Paneli ya 150 iliyo mita 10 kutoka kwenye kontrola, ikifungwa kwa waya wa milimita 1.5, inapoteza karibu volti 2 njiani. Mchana wa joto paneli yenyewe hushuka kutoka volti 18 hadi karibu 16. Ukitoa 2 zinabaki 14, na betri la asidi linahitaji takriban 14.4 ili lijae. Kila kitu kinaonekana kinafanya kazi, taa ya kontrola inawaka, betri halijai. Waya wa milimita 6 unapoteza kama nusu volti tu.

Kufunga: betri ndilo linaunganishwa kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake. Weka fyuzi ya ampia 20 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Paneli ielekee kaskazini na iinamie digrii 10 hadi 15, kwa kuwa Sikonge mko kusini mwa ikweta na mvua iweze kushuka na vumbi. Nunua kipima umeme cha bei ndogo. Alfajiri kabla ya kuwasha kitu, betri la asidi likisoma 12.6 liko vizuri, 12.2 liko nusu, chini ya 11.8 linaumia.

Mambo haya si ya digrii. Chuo cha Barefoot, kilichoanzia Tilonia nchini India mwaka 1972, kimefundisha ufundi wa sola akina mama na mabibi wa vijijini, wengine hawajui kusoma, kwa kutumia rangi za vipuri na ishara. Kina kituo hapa kwetu pia, Kinyasini, Unguja. Betri jipya likija, kaa ndani. Chai watajimiminia.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne, anataka kujifunza ufundi simu. Baba zake wadogo wanasema hiyo ni kazi ya vijana wa kiume, mwingine anasema aende tu kwa sababu "wanawake wana vidole vyepesi". Nimsikilize nani?
*Mama Debora, Urambo*

Msikilize binti. Hao baba wadogo wote wawili wamekosea, na yule wa vidole vyepesi ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana anaonekana anasifu.

Kompyuta ya ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilipangiwa kazi na wanawake sita, kwa kuunganisha nyaya na kugeuza swichi kwa mkono. Wakati huo wakubwa waliiona kama kazi ya ukarani. Miaka ya 1960 kumbukumbu za kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini zilifumwa na wanawake kiwandani Waltham, Massachusetts: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita nje ni sifuri, na kosa la waya mmoja ni kosa la programu. Kiwanda cha kampuni ya Fairchild kule Shiprock, New Mexico, kati ya 1965 na 1975 kiliajiri mamia ya wanawake wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kuunganisha saketi, kampuni ikisifu vidole vyao na mila yao ya kufuma mazulia. Sifa ya vidole iliwafikisha kwenye benchi la kuunganisha na kuwaachia hapo. Binti ajifunze kupima na kujua kwa nini saketi imekufa. Hapo ndipo penye pesa.

VETA ina vituo Tabora na Kigoma. Uliza fani ya elektroniki, na kama ada na nafasi ya kulala zikiwa ngumu, uliza kozi fupi. Akienda kwa fundi wa mtaani, mkubaliane mbele ya mtu wa tatu kwamba atashika bodi ndani ya mwezi wa kwanza. Mabinti wengi huachiwa kaunta, kubandika protekta na kuuza kava, mwaka unaisha.

Mnunulie kwa awamu. Kwanza bisibisi ndogo za seti, kibano, vibanzi vya plastiki vya kufungulia, mswaki, spiriti ya 99 na kipima umeme. Kwa vifaa hivyo tu anaweza kubadilisha kioo, betri na bodi ya chaji, ambazo ndizo kazi za kila siku. Betri ya simu ikisoma chini ya volti 3 ikiwa imechomolewa, imechoka. Iliyovimba haibanduliwi kwa bisibisi, bisibisi inateleza ikaitoboa betri na betri ikawaka. Inalegezwa gundi kwa spiriti na kuvutwa na kadi ya plastiki, chaji ikiwa chini ya robo.

Awamu ya pili ni chuma cha kulehemu chenye kurekebishwa joto, risasi ya kulehemu ya milimita 0.5 na flaksi, ute unaosaidia risasi kushika. Ile yenye mchanganyiko wa bati 63 kwa risasi 37 inayeyuka kwenye digrii 183, chuma akiweke 320 hadi 350 na asikigandishe kwenye pini zaidi ya sekunde tatu. Aombe mafundi bodi mbovu wanazotupa, azing'oe vipuri na kuvirudisha mpaka mkono uzoee. Dirisha liwe wazi, moshi wa flaksi unakera mapafu.

Bloa, mashine ya kulehemu kwa hewa ya moto, isubiri. Mwanafunzi akiipata mapema anaitumia kwa kila kitu, na simu ya kwanza ya mteja inarudi imepinda.